Mafuta Kwenye Macho ya Merikebu

Kila siku baada ya masomo, Tima na Randu, wanafunzi wa Gredi ya Nane pale Mambrui, waliishusha merikebu yao katika birika la maji nyuma ya darasa. Ilikuwa merikebu ndogo ya ubao, isiyo na nahodha. Mbele ilikuwa na kihisi chenye macho mawili ya wavu mwembamba wa chuma. Jicho moja lilitoa sauti isiyosikika, la pili likapokea mwangwi wake, na usukani ukajipinda kabla ya chombo kugonga kitu.

Ndivyo ilivyotakiwa. Lakini tangu Jumatatu ilikuwa ikigonga kila kitu, na leo Alhamisi. Mashindano ya sayansi ya Kilifi yalikuwa kesho!

Paa! Ikagonga ukuta tena. Tima akaipiga teke ndoo. "Nyaya zako hizo, Randu!"

"Nimezifunga upya mara tatu," Randu akasema, vidole vimemchubuka. "Sijui nifanye nini tena."

Lakini Tima alijua kosa si la nyaya. Jumapili, babake alipokuwa akiipaka mashua yake mafuta ya papa, naye Tima aliipaka merikebu, aliyokuwa ameipeleka nyumbani. Kwani chombo gani cha Mambrui huingia majini bila kupakwa? Akapaka ubao, akapaka na macho, ambayo Mwalimu Nyevu alikwisha kuwakataza kuyagusa. Harufu kila mtu aliisikia, ila hakuna aliyedhani mafuta yamefika huko. Tima aliona haya kusema, na haya ile ikageuka hasira, akammwagia mwenzake.

Mwalimu Nyevu akaja. "Bado? Basi nitawaondoa kwenye orodha. Pole, Randu. Nyaya zimekushinda."

Machozi yakamlengalenga Randu. Tima hakuweza kuvumilia tena.

"Si nyaya, Mwalimu. Ni mimi. Niliyapaka macho mafuta."

"Siku nne zote unanitazama tu?" Randu akafoka.

"Nisamehe, Randu. Niliogopa."

Mwalimu akaleta pamba na spiriti. Tima akasugua macho yale taratibu hadi yakakauka. Merikebu ikauelekea ukuta, na ilipobaki shubiri moja, ikakata kona.

Randu hakucheka.

"Mafuta yametoka kwa pamba kidogo," Mwalimu akasema. "Lakini siku nne umemwacha mwenzako ajione hafai. Hilo haliondolewi na pamba. Ukikosea, Tima, sema siku hiyo hiyo. Na kesho, majaji wakiuliza habari za nyaya, utajibu wewe."

"Nitawaambia alizifunga Randu," Tima akasema, "na hazikuwa na kosa hata siku moja."