Anayeshika Kamera

Kwa mara ya kumi na tisa siku hiyo, yule mwanamke wa upanga alitumbukia korongoni, na kwa mara ya kumi na tisa Qais alijua kosa si lake. Alibonyeza kuruka kwa wakati. Kidole kilikuwa pale pale. Lakini kabla miguu haijaacha daraja, kamera iligeuka. Haikukwama, haikutetemeka. Iligeuka nyuma taratibu, kama mtu aliyeitwa jina lake barabarani. Daraja likatoka machoni, na mwanamke akaruka kuelekea alikotoka, akakanyaga hewa.

"Aliyebuni hii kamera," Qais aliiambia skrini, "hajawahi kuwa na shingo. Wallahi tena."

Ilikuwa saa tisa alasiri, Gongoni, jua linakaanga mabati. Na hakuwa anacheza kwa starehe, kama majirani walivyopenda kusema. Miaka mitano tangu amalize digrii ya kompyuta, upper second, cheti kimepigwa lamination mpaka kinang'aa kuliko maisha ya mwenyewe. Alishapanda treni mpaka Dodoma kwenye usaili wa nafasi sita, wakajazwa watu elfu nne uwanjani, wakaambiwa watapigiwa simu. Kweli alipigiwa. Walikuwa wanamuuzia muziki wa miito.

Sasa kampuni moja changa ya Dar inayotengeneza gemu ilikuwa imempa siku kumi za majaribio. Alipime gemu lao la mapigano, aandike kila kinachokera kwenye vitufe na kamera, na siku ya mwisho atume video akivuka daraja la mwisho bila kufa. Akivuka, anafanyiwa usaili kwa video. Asipovuka, arudi barazani kuulizwa na kila mpita njia shule ilimsaidia nini.

Zilibaki siku mbili.

Vitufe alishavimaliza. Aliandika kwamba kitufe cha kuruka ndicho hicho hicho cha kuokota, kwa hiyo ukizingirwa na maadui watano shujaa wako anainama kuchuma uyoga. Aliandika kwamba kukwepa kunataka vidole vitatu kwa mkono mmoja, na kwamba aliyepanga hivyo ama ni kinyonga ama anachukia watu. Advera, msimamizi wake kule Dar, alicheka, akashukuru. Ila kwenye kamera alijibu hivi: "Hiyo ya kugeuka nyuma hakuna tester mwingine ameiona, kaka. Could not reproduce. Umecheki pedi ya kuchezea?"

Could not reproduce. Kwa lugha ya nyumbani: unaota.

Akaichukua pedi, akaenda kwa Mayala, fundi wa simu na redio mwenye meza yake karibu na soko.

"Mhola, msomi!"

"Mhola tu, Mayala. Hii inavuta. Stiki ya kulia."

Mayala aliifungua, akaipangusa kwa spiriti, akaichomeka kwenye mashine yake mwenyewe. Ilitulia kama maji mtungini. "Pedi nzima kabisa. Labda wewe ndo unavuta. Unavuta nini siku hizi, kaka?"

"Navuta hasira. Twende nyumbani ukaone."

Chumba alichofanyia kazi kilikuwa cha uani, katika nyumba ya shangazi yake Sheima, nyumba ya udongo yenye kuta nene iliyojengwa na babu yao mkubwa enzi za misafara ya pembe. Kilikuwa na soketi moja tu, na meza ilisogezwa hapo kwa kuwa betri ya laptop ilishakufa na waya wake ni mfupi. Kwa hiyo mtu akikaa, kona ya ndani ilibaki nyuma yake: ile kona yenye mkeka mdogo ambao haukaliwi, na chetezo cha ubani.

Mayala alikaa, akacheza. Kamera ikageuka. Akacheka, akajaribu tena. Ikageuka. Mara ya tatu aliiweka pedi mezani, akaweka mikono magotini, wakaangalia. Hakuna aliyegusa kitu, lakini kamera iliendelea kuzunguka mpaka ikalipa daraja kisogo, ikatulia kwenye njia ya vumbi alikotoka yule mwanamke. Mwisho wa njia, mbali kabisa, kilisimama kitu chembamba chenye mzigo kichwani.

"Huyo nani?" Mayala aliuliza.

"Hakuna mtu kwenye hii level. Nimeicheza mara mia."

Mayala alishusha sauti. "Kaka. Stiki ikivuta huwa inayumba. Hii haiyumbi. Hapa kuna mtu anataka tuangalie."

"Tuangalie nini?"

"Nyuma."

Hapo ndipo harufu ilipowafikia: jasho la safari ndefu, vumbi lililonyeshewa, na chini yake ubani uliochacha. Mayala hakuaga. Alitoka mbio na kuiacha bisibisi yake mezani, na fundi haachi bisibisi.

Shangazi Sheima alikuwa uani akipeta mchele. Alimtazama Mayala akipita, kisha akamtazama Qais.

"Humo ndani umekaa vipi?"

"Kwenye kiti, shangazi."

"Sijakuuliza kiti. Umeelekea wapi?"

Qais alijua swali linakokwenda. Tangu utotoni, kila mtu wa nyumba ile alitoka kwenye kile chumba kinyumenyume. Walifundishwa hivyo kama walivyofundishwa kula kwa mkono wa kulia. Kila Alhamisi shangazi aliingia na chetezo, akafukiza ile kona, akatoka kinyumenyume, uso kwa kona, mpaka kisigino kiguse kizingiti. Qais alipokwenda chuo aliyaacha hayo yote. Aliyaita mapambo ya wazee.

Shangazi aliweka ungo chini, akasogea karibu, akaongea kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. "Babu yako mkubwa alikuja na msafara kutoka Ujiji. Wapagazi hutembea mmoja mmoja, kila mtu anaona mgongo wa mwenzake, basi. Walipofika Usoke wakahesabiwa, wamezidi mmoja. Wakahesabiwa tena, kamili. Wakaondoka. Wakawa wanasikia njuga nyuma ya mtu wa mwisho. Na kila jioni huyo wa mwisho anakutwa ameanguka, hana jeraha, macho wazi. Kesho yake wa mwisho ni mwingine. Mpaka babu yako akasema leo nakaa nyuma mimi. Njuga zilipolia, akageuka."

"Akaona nini?"

"Hakusema mpaka anakufa. Alimwamkia tu. Akampa kona, akampa ubani wa Alhamisi, akamwahidi hakuna wa nyumba hii atakayemkalia mgongo. Na yeye asimfuate mtu mgongoni. Wewe umemkalia mgongo siku nane, ewe Qais."

"Basi angemwambia fundi umeme aweke soketi upande wa pili."

"Azima ekstensheni."

"Kwa ajili ya jini?"

"Kwa ajili ya shingo yako."

Hakuazima. Mwenye digrii ataenda kubisha kwa jirani aseme nini? Naomba waya, kuna mtu nimemkosea adabu?

Siku ya mwisho, video ilitakiwa ifike Dar saa kumi na mbili jioni. Ilipofika saa kumi na moja na dakika ishirini alikuwa bado anaanguka. Kamera sasa haikungoja hata daraja. Iligeuka pale pale mwanzoni, na kila ilipogeuka kile kitu chenye mzigo kilikuwa kimesogea, kwanza mwisho wa njia, kisha kwenye jiwe la pili, kisha karibu kiasi kwamba Qais aliona hakina mzigo wowote kichwani, ni kichwa chenyewe ndicho kirefu vile, kimefungwa kama furushi, hakina upande wa uso. Alibonyeza kushoto mwanamke akaenda kulia, alibonyeza kulia akaenda kushoto, alibonyeza kuruka akapiga magoti; na nyuma ya kiti, si kwenye spika, maana spika alishazizima zamani kwa hasira, kulikuwa na mlio mdogo mkavu, njuga, hatua moja na kimya, hatua moja na kimya, na kila kimya kilikuwa kifupi kuliko kilichotangulia, na nywele za kisogo chake zilikuwa zinasogezwa na pumzi isiyo na joto. Hakugeuka. Kugeuka kungekuwa kukubali, na kukubali kungekuwa kuipa mgongo ile tarehe ya mwisho, na tarehe ya mwisho ndiyo kitu pekee duniani kilichokuwa kimemwita kwa jina kwa miaka mitano.

"Qais." Shangazi alikuwa mlangoni, ameshika waya mweupe wa ekstensheni, ameuazima mwenyewe. Hakuwa anamtazama Qais. Alitazama juu kidogo ya kichwa chake. "Mwanangu, simama. Mgeukie. Shikamoo moja tu, tuhamishe meza."

"Nina dakika arobaini, shangazi!"

"Shikamoo haina dakika."

"Kuwasha upya hii mashine ni dakika kumi! Mtandao wenyewe unajikongoja! Nikivuka ndo nitamwamkia, nitampigia na magoti!"

Mwanamke wa upanga akaanguka tena. Na hapo Qais, aliyekuwa amemeza kila 'tutakupigia' na kila 'jaribu tena mwakani', alipasuka.

"Unaitaka kamera?" alifoka, macho kwenye skrini. "Chukua! Shika wewe, uangalie unakotaka! Ila niache nivuke!"

Ekstensheni ilianguka sakafuni.

Njuga zilinyamaza. Kwenye skrini kamera ilirudi nyuma ya bega la yule mwanamke, ikatulia, laini, sahihi, kama iliyoshikwa na mkono uliozoea kufuata watu. Kushoto ikawa kushoto. Kuruka kukawa kuruka. Alivuka daraja kwa dakika tatu, akatuma video saa kumi na mbili kasoro saba, akapiga ngumi hewani.

Advera alijibu usiku huo huo. "Kaka! That camera is beautiful. Umefanyaje? Usaili kesho saa nne asubuhi, panel nzima."

Qais alimwonyesha shangazi simu. Shangazi hakuisoma. Alikuwa ameshaingia na chetezo, ingawa haikuwa Alhamisi. Tangu Qais akiwa mtoto, moshi ukifika ile kona hupinda, kana kwamba unapita kando ya mtu aliyekaa. Usiku ule ulipanda moja kwa moja mpaka darini.

"Kona iko tupu," shangazi alinong'ona.

"Si ndo vizuri? Ameondoka."

"Umempa kitu, Qais. Nimekusikia. Babu yako alimpa mahali pa kukaa. Wewe umempa kazi." Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Bi Sheima alitoka kwenye kile chumba akitembea kama watu wengine, uso mbele, akilia.

Asubuhi Qais alihamia sebuleni, upande wa barabarani, kwenye mwanga na kelele za bodaboda. Alivaa shati jeupe na tai ya mahafali. Hakuwa mjinga: alikibana kiti ukutani mpaka mabega yakagusa chokaa. Nyuma yake hapakuwa na nafasi ya kupitisha karatasi.

Saa nne kamili nyuso tatu zilijitokeza. Aliamkia, wakaitikia, kisha wakakunja nyuso.

"Tunakusikia vizuri," alisema Advera. "Ila geuza kamera, kaka. Tunaona kisogo."

Qais alitazama kidirisha chake pembeni mwa skrini. Kamera ya laptop ilikuwa mbele yake, taa yake ndogo imewaka, inamkodolea uso. Na kwenye kidirisha palionekana kola nyeupe, kisogo chake, masikio yake mawili. Mbele ya kisogo hicho ilikuwepo laptop, na ndani ya laptop kisogo kingine, na mbele yake kingine, vidogo, vinazidi kuwa vidogo, vimepangana kimoja kimoja kama watu wa safari, kila mmoja anaona mgongo wa mwenzake, basi.

Mabega yake bado yalikuwa yamegusa ukuta.

"Kuna shida kidogo ya driver ya kamera," alisema, na sauti yake ilimfikia kutoka mbele, kama ya mtu mwingine.

"Hakuna shida," alisema mzee mmoja wa panel kwa upole. "Mwambie tu huyo anayekushikia kamera arudi nyuma kidogo. Amesogea mno."

Kisogo kilijaa kidirisha. Kisha kovu la utotoni chini ya sikio. Kisha unywele mmoja mmoja.

"Geuka basi, tukuone," Advera alisema, na sasa hakuwa anacheka.

Qais aligeuza shingo kulia. Ilikwenda kushoto. Aligeuza kushoto, akajikuta anapiga magoti kwenye zulia. Alisikia Advera akisema kwa Kiingereza kwamba watawasiliana, kisha mlio wa simu kukatwa. Skrini ikawa nyeusi, na katika weusi ule hakuona uso wake. Alifumba macho. Kisogo kilikuwepo hapo hapo, ndani ya kope.

Shangazi Sheima aliingia, akamkuta amesimama katikati ya sebule. "Qais? Mwanangu, niangalie."

Alitaka. Alibonyeza kila kitu alichokuwa nacho ndani yake. Akaona, kutoka nyuma na juu kidogo, kijana wa shati jeupe akimpa shangazi yake mgongo, akifungua mlango wa mbele, akitoka kwenye jua la Gongoni kuelekea magharibi, barabara ya Usoke, hatua moja na kimya, hatua moja na kimya, na kamera inamfuata vizuri sana, haiyumbi, haigeuki.