Maana Aliyoibakiza Kaliza

"Chungu kiko mbele yenu, na mimi niliyekileta nimeonja wa kwanza. Mnaona bado nahema! Sasa tupeni mlango wa binti yenu."

Sebule nzima ikacheka. Hakizimana, mjomba wake Muhire, kijana aliyekuja kuposa, akafuta masharubu kwa kiganja na kuurudisha mrija ndani ya chungu cha pombe ya ndizi. Alikuwa mkubwa wa chama tawala pale mtaani. Siku hizo, mwanzo wa mwaka tisini na nne, vijana wenye marungu walimwamkia yeye kabla ya kuwaamkia wazazi wao.

Nyuma ya pazia la chumba, Kaliza alikuwa ameketi kitandani akisikiliza. Ndiyo desturi ya posa: binti husikia, haonekani. Mkononi alivaa saa aliyopewa na Muhire, na kila wazee walipotaniana aliizungusha taratibu, anatabasamu peke yake.

"Mlango upo," alijibu Mzee Zephaniah, mzee wa kanisa aliyesimama badala ya baba yake Kaliza, marehemu. "Lakini njia ina miiba. Kijana wenu ana viatu?"

"Viatu? Anaendesha gari la ofisi kule Kacyiru!"

"La ofisi. Sasa sisi tunaozesha ofisi au tunaozesha mtu?"

Wakacheka tena. Mambo yalikwenda vizuri. Kilichobaki ni wenyeji kuushika mrija na kunywa. Pombe ya posa ikinywewa, binti amekwenda, hakuna tena wa kumrudisha.

"Haya, mimi nitamsifu binti, labda mtalainika," alisema Hakizimana. "Msidhani hatumjui. Mtoto wenu ni fundi wa cherehani na ni mwalimu. Tena mwalimu wa lugha ya mbali! Nasikia kwake saa ya mkononi na mlinzi wa getini ni neno moja. Mlinzi na mwenye kukesha, neno hilo hilo. Na kuamka ni dada yao wa tumbo moja. Eh! Sisi wa hapa hapa tungeyajua wapi hayo?"

Wageni walicheka. Wenyeji hawakucheka.

Nyuma ya pazia, mkono wa Kaliza uliganda juu ya saa.

Dada wa tumbo moja. Maneno hayo yalikuwa yake. Aliyatamka mara moja tu maishani, kwenye kilima cha Rebero, chini ya mikaratusi, Jumapili baada ya ibada, siku ambayo Muhire alimfunga saa hiyo.

"Kwa Kiingereza hii inaitwaje?" Muhire alimuuliza siku hiyo.

"Nani kakwambia najua Kiingereza?"

"Ukishona huwa unaimba kidogo kidogo, sheri, mpenzi wangu. Nina masikio."

Kaliza alitazama kushoto na kulia. Mtaani alijulikana kuwa ni mtoto wa Ngara, Tanzania, na Kiswahili chake kilimsitiri. Ukweli ni kwamba alikulia Uganda, kwenye kambi ya wakimbizi, akasoma huko. Tangu vita vianze mpakani, mtu wa kutoka Uganda aliitwa icyitso, yaani kibaraka wa adui, na watu walikuwa wakichukuliwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Lakini penzi ni kikohozi, hufika mahali likatoka.

"Inaitwa watch," alisema kwa sauti ya chini.

"Watch."

"Na kumtazama mtu ni watch. Kumlinda, watch. Mlinzi wa getini ni watchman, wa ukoo huo huo. Hata Bwana alipowaomba wanafunzi wake wakeshe naye bustanini wakalala, Biblia ya Kiingereza inasema watch. Na wake, kuamka, ni dada yao wa tumbo moja."

Muhire alicheka mpaka akalala chali kwenye nyasi. "Neno hili ni kama jirani yangu! Asubuhi anaziba pancha, jioni analinda duka, Jumapili anaimba kwaya. Yamekwisha?"

"Imebaki maana moja. Nitakwambia tukioana."

"Usiniache na deni la neno, Kaliza."

"Basi fanya haraka unioe."

Hayo yote waliyajua yeye na Muhire na Mungu. Na Mungu hakwenda kumwambia Hakizimana.

Pazia lilisogea. Aliingia masenge wake, yaani shangazi upande wa baba, Gahongayire, mjane aliyeishi naye tangu arudi kutoka kambini, mwanamke wa maneno machache na macho mengi.

"Uso wako umekuwa majivu. Sema upesi."

"Masenge, wanajua nilikokulia."

"Nani kawaambia?"

"Nilimwambia mtu mmoja tu."

Gahongayire hakuuliza ni nani. Alijifunga vizuri kitenge chake, akarudi sebuleni, akamnong'oneza Zephaniah. Yule mzee akakohoa.

"Wakwe, mtuwie radhi. Mama mwenye nyumba ananikumbusha kwamba nyumba hii iko kwenye mfungo wa maombi. Chungu hatutakigusa mpaka Jumapili ijayo."

"Mfungo?" Hakizimana alinusa hewa. "Na hiyo nyama inayonukia jikoni, inamfungia nani?"

"Inawangoja wageni," alisema Gahongayire kwa upole. "Aliyefunga hawafungishi wageni wake. Karibuni mle."

Walikula. Lakini utani ulikuwa umekufa, na kila mtu alisikia vijiko. Wakati wa kuaga, Hakizimana alisimama mlangoni akakitazama chungu, kisha pazia.

"Tutarudi Jumapili, mama. Msiogope kitu. Vijana wangu watawatazamia nyumba mpaka siku hiyo. Barabara siku hizi si nzuri."

Nyuma yake Muhire alikuwa ameinamisha kichwa. 

Kesho yake Kaliza alikwenda kazini kama kawaida, barazani kwa Swafiya, mshonaji wa Biryogo aliyempa cherehani na urafiki. Vijana wawili walimfuata kwa mbali, wakakaa ng'ambo ya barabara wakitafuna miwa. Kabla ya adhuhuri Nasiri wa duka la jirani akaita:

"Kaliza! Simu yako! Sauti ya mwanamume, analia kama mkwe!"

Alikwenda, akashika mkono wa simu kwa mikono miwili.

"Sheri," ilikuwa sauti ya Muhire. "Usikate."

"Ulimwambia."

"Nisikilize. Alianza kuuliza habari zako mwenyewe. Nikaona bora ayasikie kwangu. Nikamwambia ni msomi, anajua mpaka lugha, atatufaa. Nilitaka akupende."

"Muhire, kuna mtu anapendwa kwa hilo katika mji huu?"

 Upande wa pili mashine ya kupiga chapa iligonga, ikanyamaza.

"Alisema ukiwa mke wetu hakuna wa kukugusa."

"Na bei?"

"Bei gani?"

"Mjomba wako hatoi kitu bure. Bei, Muhire."

"Anataka... umwonyeshe wengine. Familia zilizotoka kule. Unazijua, mnasali pamoja. Majina na nyumba tu, basi. Hutafanya kitu. Utamtazamia tu."

Kaliza alihisi saa inambana mkononi.

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilinyamaza."

"Kunyamaza kwako alikusikia akatafsiri ndiyo."

"Nakupenda, Kaliza. Wallahi, kwa jina la Mungu..."

"Usimtie Mungu kwenye hili. Yeye hakunyamaza," alisema, akaweka simu.

Swafiya hakuhitaji kuelezwa mengi. Alisikiliza huku anapitisha uzi kwenye sindano, mara ya kwanza, mara ya pili, na uzi ukakataa.

"Mimi nina ndugu kweli huko Ngara," alisema. "Ijumaa asubuhi nakwenda kuwasalimu. Nitakwenda na wifi yangu, mke wa kaka yangu Twahiru. Yule anayejifunika mtandio, hana maneno mengi."

"Swafiya, wifi yako yuko Butare."

"Basi atakuwa mahali pawili. Kwani atakuwa wa kwanza mjini hapa?"

Jioni Kaliza akamwambia shangazi yake, na akaanza kukunja nguo za wote wawili. Gahongayire akazitoa zake begini moja moja, akazirudisha kabatini.

"Mimi siendi."

"Masenge!"

"Nyumba hii ikifungwa, watajua kabla basi halijawashwa. Lazima abaki mtu wa kufungua madirisha. Nitaanika kitenge chako kambani. Nitakuita kwa sauti, 'Kaliza, lete maji!', majirani wasikie. Mpaka Jumapili watadhani umo ndani unaumwa."

"Na Jumapili wakija?"

"Jumapili nitakuwa nimemaliza mfungo wangu." Alimshika kidevu kama mtoto mdogo. "Wale wa bustanini waliombwa wakeshe saa moja tu, wakashindwa. Mimi sitashindwa. Nenda."

Ijumaa, stendi ya Nyabugogo ilikuwa imejaa kama siku zote. Wapagazi walipiga kelele, wenye ndizi walipiga kelele zaidi. Kaliza, aliyetoka kwa mlango wa uani kabla ya alfajiri, alitembea nyuma ya Swafiya, mtandio umemfunika mpaka kwenye nyusi, kapu mkononi. Alipokuwa anainua mguu kuingia kwenye basi la Rusumo, mpakani na Tanzania, akawaona.

Wale vijana wawili wa miwa. Na katikati yao, Muhire.

"Wewe ndiye unayemjua vizuri," kijana mmoja alikuwa anasema. "Mkubwa haamini huo ugonjwa, kasema tuangalie mabasi yote. Tazama kila mwanamke."

Muhire alitazama. Macho yake yalipita kwa muuza mayai, yakapita kwa mama mwenye mtoto, yakafika kwenye mkono ulioshika kapu. Yakasimama hapo.

Kaliza alishusha macho na kuona alichokiona Muhire. Alibadilisha nguo, viatu, hata mwendo. Saa alisahau kuivua.

"Na hao?" kijana aliuliza, akipiga hatua. "Huyo wa mtandio?"

Swafiya alianza kutamka dua kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Hao?" Muhire alicheka kwa sauti kubwa, sauti ya mtu anayepanda mlima. "Huyo ni mke wa Twahiru, mwenye mitumba. Unataka Twahiru atutoe meno? Shemeji, habari ya asubuhi!"

"Nzuri," alijibu Kaliza.

Muhire alisogea mpaka karibu, akasimama katikati yake na wale vijana, mgongo wake mpana kama mlango.

"Shemeji, vua saa hiyo, utie kapuni. Nyabugogo ina wezi. Jiangalie."

"Wanawake na mapambo!" kijana alisema, akatema ganda la muwa. "Twende basi la Gitarama."

"Twende," alisema Muhire. Hakugeuka tena.

Kaliza aliketi dirishani, akavua saa, akaifumbata. Jiangalie. Hiyo ndiyo maana aliyokuwa ameibakiza hadi siku ya harusi: mtu anapoona hatari inakujia, hukupigia kelele kwa neno hilo hilo, watch. Hakumfundisha. Muhire aliifikia mwenyewe, kwa njia yake, baada ya kuziharibu zile nyingine zote.

"Umemsamehe?" aliuliza Swafiya basi lilipoanza kupanda kilima.

"Bado."

"Kuna siku utamsamehe?"

"Mungu akimpa siku hizo. Na mimi akinipa."

Kaliza aligeukia dirisha. Alikuwa anasikiliza kitu ambacho hakuna mwingine ndani ya basi angeweza kukisikia. Nyumbani, saa hizo hizo, Gahongayire angekuwa amesimama uani mbele ya kamba ya nguo, vijana wa Hakizimana wanamtazama kupitia ua.

"Kaliza! Kaliza wee, lete maji!"

Kisha angengoja kidogo, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayejibiwa.

"Haya, mwanangu. Pumzika basi."

Na angekwenda kuyachota mwenyewe.