Mkono wa Mama Mkwe

Gauni lilikuwa limefumuka kwapani, na mshonaji akalipokea kwa shingo upande, maana lilikuwa la wifi yake. Kwanza akalinusa. Msimcheke, anayeshona nguo za watu hujifunza kunusa kabla hajainamia cherehani. Gauni lile wifi alilivaa wiki nzima akimwogesha mama yake aliyepooza, akimgeuza, akimfulia mashuka. Halikunuka jasho, wala sabuni. Halikunuka kitu.

"Baba watoto," alimnong'oneza mumewe jikoni, "una hakika yule ni dada yako?"

"Umeanza."

"Hatoki jasho. Jana mchana nimemkuta amelala macho wazi, kifua hakipandi wala hakishuki."

"Aliondoka nikiwa mdogo, lakini damu yangu naijua. Na anamtunza mama kuliko..." Mume akameza maneno.

Kuliko wewe, alitaka kusema. Kweli, mshonaji alikuwa na kinyaa, na kabla wifi hajaja, mama mkwe alishafanya vidonda mgongoni. Sasa hata watoto walimganda shangazi yao, na mshonaji aliona wazi nyumba yake inamponyoka.

Alasiri moja alisimama nje ya chumba cha mgonjwa, akasikia wifi anaongea polepole, akasikia na sauti ya pili ikimjibu, sauti nzito ya mama mkwe ambaye tangu apooze hajatamka hata neno, na chini ya mlango ikapenya harufu ya udi ambao hakuna aliyeuchoma, ikampanda miguuni hadi kooni, naye akashindwa kupiga kelele, akashindwa hata kukimbia.

Kesho yake asubuhi alimleta mganga.

"Jini hawezi kumdanganya mgonjwa," mganga alisema, akiwakusanya kitandani. "Kila mmoja ainamishe kichwa chini ya mkono wake huu mzima. Atakayekataliwa na mkono, huyo si mtu."

Wote wakakubali. Watoto waliguswa, mume akaguswa. Wifi alipopiga magoti, mshonaji alibana pumzi. Mkono wa mama mkwe ulitua kwenye nywele zake, ukazipapasa taratibu, ukakaa.

"Bado wewe, binti," mganga alimwambia mshonaji.

Mshonaji akainama bila wasiwasi. Mkono ulishuka, ukafika karibu na kichwa chake, kisha ukarudi haraka na kujificha chini ya shuka. Mama mkwe akageuzia uso ukutani.

"Mama, ni mimi!" mshonaji alilia. "Jamani, ni mimi!"

"Huyu yupo humu tangu lini?" mganga aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tangu nimwoe," mume alijibu, huku akiwavuta watoto nyuma yake.

Mganga akafungua mkoba wake. Hapo wifi akainuka, akamimina maji kwenye kikombe, akamletea mshonaji pale chini alipokuwa.

"Mwacheni anywe kwanza," alisema kwa upole. "Hata kama si mtu, ana kiu."

Mshonaji alimkazia macho akitafuta dhihaka usoni mwake. Akakuta huruma tupu. Akanywa.