Figo la Shigela

Meneja Mihayo Budeba wa shirika la mpunga alikutwa amekufa Jumatatu asubuhi, Januari 1975, sebuleni kwake Mbeya. Alikuwa kwenye kochi la shirika, miguu imevimba hadi viatu vimekataa kuingia. Mezani palikuwa na kikombe chenye mabaki ya mizizi iliyochemshwa.

Mkewe, Matilda, alimwonyesha Inspekta Crispin kikombe kabla ya kumwonyesha maiti. Dawa za mama mkwe, alisema. Tangu Krismasi anamnywesha mwanawe vitu vyake. Kufika mchana mama huyo, Ng'washi, bibi wa Kisukuma asiye na Kiswahili cha kujitetea, alikuwa mahabusu, na mji mzima ulikwisha kumwita mchawi. Wakubwa wa shirika la mpunga walipiga simu, wakataka afikishwe mahakamani upesi. Walipokufa wafugaji kule bonde la Usangu, hakuna mkubwa aliyepiga simu.

Crispin hakupenda kesi inayoletwa imeshapikwa. Alianza na Jailos, naibu meneja, aliyekuwa akikitamani kiti cha marehemu waziwazi. Jailos alikuwa Dar es Salaam kikaoni tangu mwaka mpya, na mashahidi tele. Basi Inspekta akausindikiza mwili hadi Iringa kwa Daktari Liberatus, aliyekuwa akimtibu Mihayo tangu arudi kutoka Ulaya.

Habari ya Ulaya ilijulikana na wote. Mafigo ya Mihayo yalipokufa, shirika lilimpeleka London pamoja na mdogo wake Shigela, mchunga ng'ombe wa Madibira. Shigela alitolewa figo moja, akapewa kaka. Yeye alirudi na kovu ubavuni na koti.

"Sumu hakuna," daktari alisema, akionyesha figo ndani ya chupa. Lilikuwa limevimba, lina madoa ya damu. "Nimelitazama kwa hadubini. Limejaa chembe nyeupe. Hao ni askari wa damu yake mwenyewe, Inspekta. Kwao figo hili ni mgeni, hata likitoka kwa ndugu wa tumbo moja. Na hawasahau. Tunawalaza kwa vidonge kila siku ya Mungu. Ukiviacha wanaamka, wanalivamia."

"Mkewe anaapa alimeza kila asubuhi."

"Alimeza nini?"

Crispin akatoa picha ya Pasaka aliyopewa na Matilda. Pichani uso wa Mihayo ulikuwa wa mviringo, umejaa. Maiti ilikuwa na mashavu yaliyobonyea. Daktari alisema vidonge vilikuwa vya aina mbili, vyeupe na vya njano, na vyeupe ndivyo hujaza uso namna ile. Crispin akakumbuka maneno ya Matilda: tangu Desemba watu walimsifu mumewe kwamba amerudia sura yake, amepona. Aliuliza kama daktari ndiye aliyevifuta vile vyeupe.

"Nivifute nimuue?"

Aliporudi Mbeya, Matilda alieleza bila wasiwasi. Habari ya kufutwa vyeupe ililetwa na shemeji Shigela, aliyekuwa akienda Iringa kuchukua dawa. Vya njano viliendelea. Na ni Shigela aliyevitoa, maana Ng'washi aliagiza kwamba mkono uliotoa figo ndio ulilishe dawa, lisije likajiona limetupwa. Mihayo, msomi, aliucheka ushamba huo, kisha akautii: hakupokea kidonge kwa mtu mwingine. Mdogo wake akawekwa chumba cha uani, mbali na ng'ombe wake, mbali na mkewe Nyamizi.

Crispin alimwaga vya njano kiganjani. Mke wake mwenyewe, Severina, alikuwa mjamzito, na kliniki ilimpa hivyohivyo, vya kuongeza damu.

Alimkuta Shigela uani anasuka kamba ya ng'ombe.

"Nyamizi yuko wapi?"

"Alikufa, afande. Oktoba."

"Alikuwa mjamzito."

Shigela aliendelea kusuka. "Mayu, mama yangu, amekula leo?"

"Amekataa. Na huko wanazungumza kitanzi."

Kamba ikaanguka. Alisimulia bila kupaza sauti. Kaka alitia sahihi mashamba ya mpunga yapanuliwe; nyumba za wafugaji zikachomwa, watu wakapakiwa kwenye malori. Nyamizi alijifungulia juu ya lori, njia ya Nyololo, na dereva aliambiwa asisimame. Wakazikwa kando ya barabara, yeye na mtoto.

"Nilimwuliza kaka. Akasema amri haina ndugu. Waliniletea mkebe wa vidonge vya Nyamizi, ndio uliobaki. Nikampa yeye. Kila asubuhi alinishukuru."

"Ulijuaje kwamba vile vingine ndivyo vinamlinda?"

"Si aliniambia mwenyewe, kule Ulaya? Daktari anasema, kaka anatafsiri: Shigela, siku nikiacha hivi, mwili wangu utakukataa. Akacheka. Sasa mimi, afande, nilishakataliwa siku ya lori."

Ng'washi alitolewa jioni ile. Alipishana na mwanawe mlangoni, akamshika ubavu wenye kovu, askari wakamtenganisha naye.

Shigela aliomba jambo moja: lile figo lizikwe na Nyamizi. Crispin alimjibu kwamba ni kidhibiti. Akaandika shtaka la kuua. Kwa mama na mtoto waliolala kando ya njia ya Nyololo hakuandika kitu, na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Jailos alikikalia kiti. Kabla mvua hazijakatika malori yalirudi Madibira.

Chupa ilibaki kabatini Iringa miaka mingi, na karatasi iliyobandikwa juu yake ilisema: figo la Meneja Budeba.