Samaki Kwenye Ntheo

Mwaka wa 1972, siku ya soko Mukuyuni, watu wamejaa hadi barabarani, Ndululu alikanyaga mbaazi ambazo Mutindi alikuwa amezitandaza kwenye gunia. Alivaa suruali nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama kama ubao. Alikuwa weita katika behewa la kulia la treni ya Mombasa, na hata akiwa likizo alitembea kama amebeba sinia. Mutindi, gauni la maua na leso kiunoni, alimwambia aziokote moja moja. Akaziokota. Alipomaliza walikuwa wameshajuana majina.

Tangu hapo kila likizo alikuja, na hakuwa akileta sukari wala kitambaa. Alileta kadi za menyu. Zingine za treni, zingine za meli za abiria, alizopewa na rafiki yake Ndeti kule Kilindini, zimefungwa uzi wa hariri pembeni. Alikuwa na sanduku zima. Wakikaa nje ya jiko la kina Mutindi anamsomea: kwanza supu, halafu samaki, halafu nyama ya kondoo, halafu pudini.

"Na hii karatasi inaliwa?" Mutindi akauliza siku moja.

"Mpenzi, hii ni heshima. Mtu anajua kitu gani kinakuja."

"Mimi nataka kujua mbuzi wanakuja lini."

Kwa Wakamba msichana hajaposwa mpaka mbuzi watatu wa ntheo wafike kwao, mmoja achinjwe na wazee wamle. Bila hiyo, hata mkiitana bibi na bwana ni kelele tu. Mutindi alikuwa amengoja miaka miwili. Baba yake, Mzee Kisilu, alishasema Desemba ikiisha bila ntheo atamkaribisha Muthama, mwenye duka Malili, ambaye amemuulizia mara mbili.

Novemba mbuzi wakafika, na Mutindi akamshukuru Mungu mapema sana. Ndululu alitaka wakwe waheshimiwe kama mabwana wa treni. Aliandika kadi kumi na mbili kwa mkono wake, akaweka moja mbele ya kila mzee, akavaa koti lake la kazi na kuhudumia mwenyewe. Sasa, kwenye ntheo wazee ndio hukata nyama, kila mmoja na kipande chake cha haki. Yeye aliikata jikoni vipande sawasawa, akaifunika. Akaleta kwanza supu kidogo. Halafu akaleta samaki, mzima na kichwa chake, kwa wazee waliokuzwa wakiambiwa samaki ni ndugu wa nyoka.

Mzee Kisilu aliangaliana na yule samaki kwa muda, kisha akauliza mbuzi yuko wapi. Ndululu akainama, akamwonyesha kwenye kadi.

"Ni ya tatu, baba."

Wazee wakachukua fimbo zao. Ntheo haikuliwa.

Mutindi hakulia. Alichoka tu. Jumatatu alienda posta, akapiga simu kwenye nyumba za wafanyakazi wa treni Nairobi, akangoja laini karibu saa nzima.

"Mutindi, kosa lilikuwa wapi? Hata vitambaa vya meza nilivikunja."

"Ndululu."

"Na supu haikupoa."

"Nyamaza kwanza, laini itakatika. Wewe ulienda kuomba mke. Mwenye kuomba hasimami na sinia. Anakaa na mikono mitupu, anangoja apewe."

Laini ikakoroma. Ndululu akasema pole pole, "Mimi sijui kukaa. Tangu nianze kazi nasimama. Nikikaa nafukuzwa."

Hasira ya Mutindi ikakosa mahali pa kushika.

"Basi jifunze, mwendwa. Una mpaka Desemba iishe."

Ndululu akarudi katikati ya Desemba na mjomba wake Mbuvi kuwaomba wazee radhi, na mbuzi mwingine. Wazee wakachinja, wakachoma, wakakata wenyewe. Ndululu alikalia kigoda. Sahani ikipita magoti yake yanaanza kunyooka. Mutindi anamtazama kutoka mlango wa jiko, naye anarudi chini. Jasho lilimlowesha shati.

Mzee Kisilu hakuwa na haraka. Alikula, akapangusa kisu, akaongea habari za mvua. Mwishowe akakata kipande cha ubavu, akainuka, akavuka ua nacho mkononi mpaka mbele ya Ndululu.

Ndululu akataka kusimama akipokee.

"Kaa," wakasema Mutindi na baba yake pamoja.

Akala ameketi.