Baba Alimwacha Mama kwa Mzaha Ili Bunduki Ipate Nafasi

Ndugu wasomaji, nina miaka kumi na saba na niko kidato cha nne hapa Bagamoyo. Nyumbani ni Dunda. Shuleni wananiita Mama Vituko, na mwalimu wa zamu ananijua kuliko anavyowajua wanawe. Nimeshawahi kutolewa kwenye hitima kwa sababu ya kucheka! Kwa hiyo mkiona mtu kama mimi ameshika kalamu kuandika mambo ya kulia, mjue yamenifika shingoni.

Haya ninayowasimulia yalianza kwa kicheko. Ndiyo maana yananiuma mara mbili...

Baba yangu ni mwanajeshi mstaafu. Kabla hajastaafu alipelekwa kulinda amani katika nchi ya watu. Alikwenda akiwa mtu wa maneno mengi, na mdomo huu nilio nao nimeurithi kwake. Alirudi mzima, mikono miwili, miguu miwili, lakini maneno aliyaacha huko huko. Kicheko nacho kikabaki huko. Kitu kimoja tu aliwahi kutuambia: kwamba kule kuna siku alikuwa na bunduki mkononi, watu wanauawa mbele ya macho yake, na amri ilikuwa asipige. Hatukumuuliza tena.

Akaanza kununua bunduki.

Mwanzoni hakuna aliyeshangaa. Tuna shamba Mapinga, na nguruwe pori wa kule walikuwa wanakula mihogo yetu kama waliopewa kadi ya mwaliko. Tayari alikuwa amerithi gobore la marehemu babu. Akafuata taratibu, akapata kibali, akanunua shotigani ya mitutu miwili. Kisha ikaja bunduki ndefu ya kuwindia. Jamani, nguruwe gani huyo anayehitaji bunduki tatu? Tena shamba lenyewe limeshazungukwa na nyumba za watu wa Dar, nguruwe walishahama zamani!

Alitengeneza kabati la chuma la kuzihifadhi, akaliweka chumbani, pale pembeni ya kitanda ambapo mama alikuwa anaweka sanduku lake la nguo. Sanduku likahamia ukumbini. Mama alilifunika kitambaa, akaweka juu yake taa na msahafu.

Kila Ijumaa baada ya swala baba alizitoa zote tatu, akazilaza kwenye mkeka, akazifuta kwa mafuta, moja moja, taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Akazipa na majina. Gobore ni Bi Kizee. Shotigani ni Bi Mnene. Ile ndefu ni Bi Mwembamba. Mama naye akawa anaziita wake wenzake. Akimwona baba anazunguka zunguka ndani anamwambia, "Nenda bwana, leo zamu yao." Mimi navunjika mbavu. Kwetu ilikuwa furaha hiyo, tusidanganyane... ndiyo furaha tuliyokuwa nayo.

Kuna jambo jingine inabidi mlijue. Vijana wa bodaboda wa mtaani kwetu wana mchezo wa kulipua ekzosi. Ikilia paa! baba yuko chini, kajibana ukutani, macho kayatoa, hajui sisi ni nani. Mara ya kwanza nilitaka kucheka. Mama alinitazama mara moja tu, nikakimeza kicheko mwenyewe. Akachukua ungo, akaja akakaa chini sakafuni karibu na baba, akaanza kuchagua mchele. Hasemi pole, hasemi inuka. Anachagua mchele tu, anarusha chuya pembeni, mpaka baba anarudi alikokuwa amekwenda. Alifanya hivyo kila ikilia. Hata kama mchele ulishachaguliwa. Hata siku tunayokula ugali!

Sasa, Ijumaa moja akaja Mzee Shomari, rafiki wa baba, mstaafu mwenzake. Alifuatana na mtu mmoja kutoka vijiji vya ndani, kabeba kitu kirefu kimefungwa kwenye gunia. Walipokifungua ilikuwa bunduki ya zamani, ya enzi ya Mjerumani, imekula kutu, kitako kimepasuka. Kibali haina. Baba akaipokea, akaipakata. Wasomaji, uso wa baba ulifunguka! Sijauona hivyo tangu arudi.

Mzee Shomari, ambaye katika mambo ya utani ni baba yangu wa kiroho, akamwambia, "Afande, huyu utamweka wapi? Watatu kabatini, mmoja jikoni. Dini imekupa wanne tu."

Tulicheka. Mimi nilianguka mkekani. Na baba naye akacheka... baba yangu alicheka kwa sauti, kichwa kakirudisha nyuma, kama zamani, kama yule aliyeondoka. Akawa anaifuta kutu kwa kidole gumba huku bado anacheka. Akasema:

"Basi Mama Mwaju nimemwacha. Nafasi hiyo, mwingizeni bibi harusi."

Mama alikuwa mlangoni na birika la kahawa.

Hakulitupa, msije mkadhani ni maigizo. Aliingia, akawamiminia wageni kikombe kimoja kimoja, akawaambia karibuni kahawa. Kisha akatoka. Nikamfuata ukumbini nikamkuta ametoa msahafu na taa juu ya sanduku.

"Mwaju, nishikie huku," akaniambia.

Nilidhani anatania. Si nyumba nzima tunatania? Nikamwambia mama acha vituko, vituko ni vyangu. Tulilibeba lile sanduku mpaka barabarani, na jioni ile ile alikuwa kwa bibi, Vigwaza.

Kesho yake shangazi alikwenda kumuuliza ustadhi. Ustadhi akasema talaka haina mzaha. Aliyeitamka anacheka na aliyeitamka analia wote wameitamka. Lakini akasema tusilie, maana ni moja tu, na mke akiwa bado ndani ya eda mume anaruhusiwa kumrudia. Hakuna harusi, hakuna mahari, hakuna kamati. Ni neno tu. Aseme, "Nimekurejea." Basi.

Neno moja limevunja, neno moja linajenga. Rahisi namna gani, jamani?

Baba akakataa kulisema.

Hakukataa kwa sababu hampendi. Alikataa kwa sababu alisema yeye hajaacha mke. Alitania, na kila mtu alijua ametania. Shangazi akaja, Mzee Shomari akaja akilia kama mtoto, wajomba wakapiga simu. Jibu lilikuwa lile lile.

"Nitamrejeaje mtu ambaye sijamwacha?"

Kwake yeye, kulitamka lile neno ni kukiri kwamba alimwacha mkewe kwa ajili ya chuma chenye kutu. Hakuweza kukiri. Akawa anasema atarudi mwenyewe akichoka kununa. Ijumaa ikifika anatandika mkeka, anafuta. Sasa ziko nne, na ile ya Mjerumani hata jina hakuipa.

Nikienda Vigwaza mama ananiuliza, kama anayeuliza habari za mvua, "Baba yako amesema chochote?" Namwambia amesema umemwachia wake wenzako wanne awalee peke yake. Anatabasamu kidogo. Nikigeuka namsikia anavuta kamasi.

Eda ya mwanamke aliyeachwa ni hedhi tatu. Wavulana mnaosoma hapa msijifanye hamjui. Bibi alinivuta pembeni, akanieleza kwamba siku zinaelekea ukingoni. Sasa niambieni, binti anaanzaje kumweleza baba yake jambo hilo? Mimi Mama Vituko, ninayemjibu mwalimu mkuu, nikatafuta njia ya mbali. Nikazungukazunguka. Nikamwambia, "Baba, siku zinakwisha."

"Zinakwisha kweli mwanangu," akasema. "Ramadhani hiyo inabisha hodi."

Nikaenda chooni nikalia.

Halafu siku moja mchana, nimerudi shule, hata viatu sijavua, ekzosi ikalia nje. Paa! Na nyingine, paa! Baba akaenda chini. Akajibana kwenye kabati lake la chuma, anatetemeka mpaka mlango wa kabati unagongana. Bunduki nne ziko ndani, hatua moja kutoka kwake... hakuna hata moja iliyoinuka kumshika mkono.

Nilisimama. Nilitafuta kichekesho chochote kichwani, sikukipata. Nikachukua ungo wa mama, nikakaa sakafuni karibu naye. Mchele haukuwapo. Nikaweka mahindi. Nikaanza kuchagua mahindi, kama mwehu, machozi yananidondokea ungoni.

Alirudi polepole. Akautazama ule ungo muda mrefu.

"Mama yako alikuwa anafanya hivi?"

"Kila mara, baba."

"Nilidhani anachagua mchele," akasema.

Kesho yake asubuhi alizifunga zote nne kwenye gunia, akazipeleka kituoni, maana kulikuwa na tangazo la kusalimisha silaha kwa hiari. Hata Bi Kizee wa marehemu babu hakumbakiza. Kisha akavaa kanzu, akaniambia tunakwenda Vigwaza. Njia nzima midomo yake inacheza. Nilijua anajizoeza lile neno.

Mama alikuwa uani, kichwa wazi, anaanika nguo. Baba hakumngoja ageuke.

"Mama Mwaju, nimekurejea."

Mama aligeuka. Na kabla hajasema lolote alivuta khanga iliyokuwa begani, akafunika nywele zake. Akafunika mpaka shingoni, vile anavyofunika akiingia fundi au muuza samaki.

Nikajua.

Bibi akatoka ndani, akaitikia shikamoo ya baba, akamwambia kwa upole, "Umechelewa mwanangu. Ametoka eda juzi."

Baba akapiga magoti pale kwenye mchanga. Akasema ataoa upya, mahari ataje mwenyewe, silaha zote amezirudisha serikalini. Watu wote tukamtazama mama. Maana hapo tena neno lilikuwa lake, si la baba.

Mama alimpa kiti akae. Akamletea kahawa, kama mgeni. Akasema kwa sauti ya chini sana:

"Ungetamka kwa hasira ningesema hasira zimempanda. Ulitamka huku unacheka, Baba Mwaju. Nilikuwa nangoja ucheke tangu uliporudi. Siku ulipocheka, ndiyo ukacheka hivyo."

Baba akanywa kahawa yake yote. Akashukuru. Tukaondoka.

Leo kabati la chuma limeshauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na pale pembeni ya kitanda pako wazi. Baba hataki niweke kitu. Anapafagia mwenyewe. Ekzosi ikilia nachukua ungo, naye siku hizi ananyoosha mkono anachagua pamoja na mimi.

Ndugu wasomaji, mimi sijaacha utani, nitakufa nao. Lakini nawaomba, akina baba, lile neno msilicheze hata mkiwa mmelewa furaha. Na kama limeshakutoka, usikae unabishana kwamba hukumaanisha... nenda leo ukaseme lile jingine! Aibu ya kulisema ni ya siku moja.

Na wewe ambaye mtu wako amerudi kutoka huko walikomtuma, amekaa kimya anakusanya vitu vyake kabatini, usingoje ekzosi ilie. Kaa naye chini. Na wewe uliyerudi, mtazame anayekaa nawe. Huenda hachagui mchele.