Plagi Msumarini

Majirani, wengi wenu mmewahi kuingia katika chumba kile cha mbele. Kushoto palikuwa na meza ya fundi redio tuliyemwita Mawimbi. Kulia, cherehani ya mkewe, mshonaji wa sare za shule. Asubuhi ungesikia cherehani ikikimbia, redio moja mbovu ikikwaruza, na wawili hao wakitaniana.

"Fundi mwenzangu," mke angesema, "mgonjwa wako anakoroma tangu jana. Mzike tupumzike."

"Na wewe uliyeshona suruali yenye mguu mmoja mrefu, unao mdomo wa kunisema?"

"Mwenye suruali ndiye mwenye mguu mmoja mrefu. Nilimpima."

Binti yao wa miaka minane alikuwa akifanya kazi zake za shule barazani, chini ya dirisha, akiwasikiliza na kucheka.

Kisha Mawimbi akaona kwenye simu video ya mtu aliyejitengenezea radi nyumbani kwake. Haikumtoka akilini. Kwa miezi miwili alikusanya koili, transista na transfoma kutoka kwenye televisheni zilizokufa, akaanza kuunda kisanduku chake cha radi.

Nitaeleza kilivyofanya kazi, kwa sababu sisi tulikishangilia bila kukijua. Umeme wa ukutani huenda na kurudi mara hamsini hivi kwa sekunde. Kisanduku kiliunyoosha kwanza uende upande mmoja tu, kisha transista, yaani swichi ndogo za haraka, zikaurusha huku na huku maelfu ya mara kwa sekunde, kwa mdundo uleule wa koili na kapasita zilizopimwa zikubaliane. Ni sawa na kumsukuma mtoto kwenye bembea: ukisukuma kwa wakati wake, nguvu kidogo humpeleka juu sana. Baada ya hapo transfoma iliupandisha umeme huo, ukanyooshwa tena na kujazwa katika safu ya kapasita kubwa, yaani makopo ya kuhifadhia umeme. Makopo yakijaa, cheche iliruka kati ya vitufe viwili vya shaba kwa mlio wa kuziba masikio.

Mkewe hakukataa. Alitoa sharti.

"Sihitaji kukielewa," alisema. "Mimi nataka alama moja tu. Nikiiona, niingie nikashone bila kukuuliza wewe wala mtu mwingine."

Mawimbi akapigilia msumari ukutani, mkabala na dirisha. Plagi ikining'inia pale, chumba ni salama. Isipokuwepo, hakuna kuingia. Kwa kuwa makopo hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi, aliunganisha kati ya ncha zake rezista kubwa ya kauri, kipande kinachonyonya umeme polepole, ambayo kazi yake pekee ilikuwa kuyamwaga. Alichomoa plagi, akaitundika, akahesabu hadi sitini, akamwonyesha mkewe mita ya kupimia umeme. Mshale ulisimama kwenye sifuri. Tangu siku hiyo mshonaji hakuingia chumbani kabla ya kuhesabu sitini.

Binti akajifanya mlinzi wa sheria hiyo. Mama angeita kutoka jikoni, "Iko?" Naye angechungulia dirishani na kujibu, "Iko, mama." Kwa miezi mitano sheria hiyo haikukosea hata mara moja. Naomba mlikumbuke hilo.

Habari zikasambaa. Kila Jumapili alasiri tulijazana barazani na mlangoni kutazama cheche. Ilikuwa na urefu wa kidole. Mwanzoni ilitutosha, baadaye tukaizoea.

"Hiyo ni radi au kiberiti?" kinyozi aliuliza siku moja. "Tupe shubiri nzima, tukuite Mzee Radi."

Tulicheka. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wengi. Mawimbi pia alicheka, lakini nilimwona akikitazama kisanduku kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe.

Kuanzia hapo alikuwa na kazi moja tu. Redio za wateja zilirundikana chini ya meza, na baadhi zikang'olewa vipuri. Bibi mmoja aliifuata yake akakabidhiwa gamba.

"Fundi mwenzangu," mkewe alimwambia, "leo wamekuja watatu. Niwaambie nini?"

"Waambie wasubiri."

"Wanasubiri tangu mtoto yuko darasa la pili. Sasa yuko la tatu."

Alikuwa amechomoa plagi na kuhesabu sitini. Sasa alikuwa akipima joto la rezista kwa kidole. Ilikuwa inachemka, na hapo ndipo alipogundua kilichomzuia kufika shubiri: rezista ile haikungoja plagi ichomolewe ndipo ianze kazi. Ilinyonya wakati wote, hata makopo yalipokuwa yakijazwa. Bila hiyo yangejaa zaidi, na cheche ingeruka mbali zaidi.

Akaitoa.

Siku ya Jumamosi shemeji yake, kaka wa mshonaji, alipita kuwasalimu. Ni fundi wa nguzo za umeme. Aliinama juu ya kisanduku na kuona ncha mbili tupu.

"Shemeji, hapa palikuwa na nini?"

"Rezista. Nitairudisha Jumatatu."

"Na makopo yanamwagwa na nini?"

"Na mimi. Nina kijiti chenye waya. Nikichomoa tu, nayagusa yanakwisha."

"Dada anajua?"

"Kwani yeye anashika kisanduku?"

"Nimekuuliza kama dada anajua."

"Nitamwambia leo, shemeji. Unaniona mimi mtoto?"

Shemeji aliondoka akiwa ameridhika na ahadi hiyo. Dada yake alikuwa uani, hatua kumi kutoka pale, akianika nguo.

Jumapili tulijaa hadi barabarani. Mawimbi aliachanisha vitufe kwa shubiri nzima na kuchomeka plagi. Makopo yakajaa, cheche ikaruka, nyeupe, kwa mlio uliotikisa madirisha. Ikaruka ya pili, na ya tatu. Kinyozi alikuwa wa kwanza kupaza sauti: "Mzee Radi!" Sote tukalipokea jina hilo.

Makopo yalikuwa yanajaa kwa mara ya nne Mawimbi alipochomoa plagi. Mkono wake, kwa mazoea ya miezi mitano, ukaitundika msumarini. Watu walimvuta nje wapige naye picha. Kijiti chenye waya kilikuwa juu ya meza. Alikusudia kurudi baada ya dakika moja. Hilo alilisema baadaye, nami naliamini.

Mama mmoja alikuwa akingoja sare ya mwanawe, ivaliwe kesho yake. Mshonaji aliita kutoka jikoni.

"Iko?"

Binti akachungulia. "Iko, mama."

Mshonaji akahesabu hadi sitini, akaingia. Waya mmoja wa kisanduku, ulio wazi nchani, ulikuwa umelalia kitambaa kilichokuwa juu ya cherehani, na wa pili ulikuwa umegusa miguu ya chuma ya cherehani hiyo. Alishika kichwa cha cherehani, ambacho ni chuma, kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akauondoa waya.

Nje tulisikia mlio. Wengine tulipiga makofi, tukidhani ni cheche ya nne.

Alikuwa amekata roho kabla hatujamfikisha hospitali.

Mawimbi hakubisha lolote, si kwa polisi wala kwa ukoo wa mkewe. Meza yake imeuzwa, naye hushinda kitandani ameugeukia ukuta. Shemeji ameacha kupanda nguzo. Binti anaishi na bibi yake. Kila nikienda kumwona ananiuliza swali moja.

"Nilitazama vizuri. Ilikuwa msumarini, sivyo?"

"Ilikuwa msumarini, mwanangu."

"Au labda niliona vibaya."

Nimemweleza habari za rezista kwa maneno niliyoweza. Baba yake naye alimweleza, amepiga magoti. Mtoto husikiliza hadi mwisho, kisha hurudia kuuliza. Mwalimu wake anasema siku hizi hajibu swali lolote darasani, hata lile analolijua. Anaogopa kusema ndiyo.

FUNZO

Kuchomoa plagi si kuondoa umeme. Makopo ya aina hii hubaki na umeme kwa saa nyingi, na kitu pekee cha kuaminiwa ni kipimo cha mita kilichochukuliwa wakati huohuo. Asiyejua hilo asiviguse vyombo hivi kabisa.

Lakini Mawimbi alilijua. Kosa lake lilikuwa kuondoa kilichoifanya alama iwe ya kweli, na kuiacha alama mahali pake. Ukiwapa watu wa nyumbani kwako alama ya kuwalinda, wanaiamini badala ya macho yao. Ukibadilisha kilicho chini yake, ing'oe kwanza, kisha waambie, siku hiyohiyo, kabla ya chakula na kabla ya wageni.

Na sisi tuliodai shubiri tumebeba sehemu yetu. Hatukuuliza ilipatikanaje. Msumari ule bado upo ukutani. Mpangaji mpya hutundikia kofia.